Makoti Yaliyoshonwa Wakati wa Joto

Kila jioni cherehani kililia nyumbani kwa Mama Pacha. Alijua kushona, na uvivu hakuujua. Lakini alikuwa nyuma ya majira siku zote. Baridi ikianza, ndipo alipokata kitambaa kizito. Akimaliza, jua linawaka! Nao pacha wake, wa kike na wa kiume, walirefuka bila kumwomba ruhusa.

Siku moja ya joto alimvisha binti koti jipya. Mikono iliishia kwenye viwiko.

"Umemshonea mwanasesere?" Baba Pacha alicheka. Kisha akakunja uso. "Mke wangu, vitambaa vinaisha na kila baridi watoto wanatetemeka. Kuna mtu anakitaka cherehani hiki. Nimemwambia aje baridi ikianza. Watoto wakiwa bado hawana makoti, atakichukua."

Cherehani kile Mama Pacha aliachiwa na marehemu mama yake. Moyo ulimuuma sana.

Alikwenda kwa jirani yake, fundi wa nguo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama shati lisilopigwa pasi?"

Mama Pacha akaeleza yote. Fundi akamfuata nyumbani. Wakafunga kamba tatu chumbani. Kwenye ya kwanza wakatundika nguo zinazowatosha watoto. Ya pili, za kurekebisha. Ya tatu, zilizowabana kabisa.

"Tazama," fundi akasema. "Magauni mepesi yamejaa. Koti linalowatosha hakuna hata moja. Na kwenye cherehani kuna nini?"

"Gauni jepesi," Mama Pacha akajibu, akacheka mwenyewe.

"Basi, kabla ya kukata kitambaa, tazama kamba. Kisha tangulia majira. Wakati wa joto shona nguo za baridi. Wakati wa baridi shona za joto. Shona kidogo kidogo, mwaka mzima. Haraka haraka haina baraka."

"Na hawa wanaorefuka kila kukicha?"

"Usishone kwa mwili wa leo tu. Acha nafasi. Acha upindo mpana chini na mikononi. Mtoto akirefuka, unafumua na kuushusha. Na kitambaa kifue kabla ya kukikata, kisije kikasinyaa baadaye."

Mama Pacha akaanza. Nguo za kamba ya tatu alizifumua, akapata bitana na mifuko. Majirani walimwona akishona makoti huku jasho linamtoka.

"Mama Pacha, jua limekupanda kichwani?"

"Chekeni tu," akajibu. "Baridi haipigi hodi."

Kweli, haikupiga. Asubuhi moja watu waliamka wanatetemeka. Pacha walitoka na makoti yao, mikono imefika mahali pake, upindo umetulia ndani. Mama Pacha aliwatazama, furaha ikamjaa tele.

Baba Pacha alisimama mlangoni na shati jepesi, meno yanagongana.

"Na mimi je?"

"Ulidhani nimekusahau?" Akamvisha koti la tatu. Baba Pacha akajitazama kiooni, mbele na nyuma, akarudia tena.

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa yule mnunuzi.

"Nimekifuata kile cherehani."

Ndani, cherehani kilikuwa kinalia. Baba Pacha akainua kola ya koti lake, akasimama katikati ya mlango.

"Samahani, ndugu yangu. Hakiuzwi. Mwenyewe yuko kazini, anashona nguo za joto!"