Mazoezi ya Mama na Binti

Jirani yetu, fundi cherehani, alijiunga na chuo akiwa mtu mzima, mwaka mmoja baada ya kumzika binti yake wa pekee. Alisomea sanaa za maonyesho kwa njia ya mtandao. Alasiri alisukuma vitambaa pembeni, akaegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, akaingia darasani. Wenzake, wote rika la huyo marehemu, walimwita Shangazi. Walimtania kwamba hata akipewa nafasi ya mwizi, ataomba radhi kwanza. Habari za msiba hakuwaambia.

Siku hiyo zamu ilikuwa yake na msichana waliyempachika jina la Kicheko. Igizo lilikuwa fupi: binti amerudi nyumbani, anabisha, mama hataki kumfungulia. Kwa kuwa binti haonekani, Kicheko alizima kamera, kikabaki kisanduku cheusi tu kwenye skrini.

"Anzeni," akasema mhadhiri.

"Mama, nifungulie."

"Rudi huko ulikotoka," fundi akajibu, kama ilivyoandikwa.



"Mama, mbona hukuingia?"

Maneno hayo hayakuwamo kwenye igizo. Sauti nayo haikuwa ya Kicheko. Fundi akaisogelea simu.

"Walinizuia mlangoni mwa wodi," akanong'ona. "Manesi walisema umelala. Nikakaa kwenye benchi."

"Nilikusikia ukikohoa. Nikakuita."

"Sikusikia, mwanangu. Naapa sikusikia."

Darasa zima lilikuwa linafuta machozi. Mhadhiri alisema hajapata kuona uigizaji wa namna ile. Mara Kicheko akatokea kwenye skrini, anahema.

"Samahani, mwalimu. Mtandao ulinikatikia kabla hatujaanza. Mmenisubiri?"

Chini ya picha yake, kile kisanduku cheusi kilikuwa bado kipo. Hakikuwa na jina.

"Mama," kikasema, "nimechoka kusimama."

Fundi akainuka. Wote walimwona akifungua mlango uliokuwa nyuma yake, akasogea pembeni kama anayempisha mtu. Hakuna aliyeingia. Kisanduku kikatoweka.

Jioni alikuta shuka kwenye kitanda cha marehemu, alilolitandika kwa mikono yake mwenyewe, limebonyea katikati. Mto ulikuwa na joto. Akalinyoosha. Alipopita tena, limebonyea vilevile.

Aliacha kulinyoosha. Siku hizi hukanyaga cherehani polepole, asije akamwamsha.