Doa la Njano

Duka la kuchapisha lilijaa hadi mlangoni, mashine zikinguruma. Mchoraji, binti wa gauni la samawati, alijibana kwenye kaunta akiwa amekumbatia tableti yake. Mchapaji, kijana mrefu aliyevaa shati la njano la kuumiza macho, alifungua picha yake kwenye kompyuta, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Dada, samahani. Juu ni wapi hapa?"

"Juu ni juu, kaka! Hii ni sanaa ya dhahania. Haina mtu wala mti, ni rangi na mistari tu."

"Basi itabidi uje kila siku unielekeze."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mchoraji alijitahidi kununa, akashindwa. Haukupita muda wakawa hawabanduki. Jioni alimfundisha kuchora kwa kidole kwenye kioo, tabaka juu ya tabaka, na kijana akawa anamwita "rangi yangu".

Yakawadia maonyesho ya kwanza ya mchoraji. Ndugu zake walishamwambia anachezea rangi tu, kwa hiyo siku hiyo ndiyo ilikuwa roho yake. Alijaza kioo kizima samawati, katikati akatia nukta moja ya njano, akamtumia mpenzi wake bila maelezo. Alitaka amshtukize.

Mchapaji akaiona nukta. Kidole kimeteleza, masikini! Akaisafisha vizuri, akachapisha picha kubwa ya kujaza ukuta, akaipeleka ukumbini huku anapiga mluzi.

Simu ikalia.

"Umeifanya nini picha yangu?"

"Kulikuwa na kidoa, mpenzi, nimekifuta. Imetoka safi, ee?"

"Doa? Unaliita doa? Kumbe na wewe ni wale wale!"

Akakata. Kijana akapiga, akapiga tena, jasho likimtoka. Mwishowe akapokea shangazi wa binti.

"Mkwe, una akili timamu kweli?"

"Shangazi, nimekosa nini?"

"Siku mliyokutana ulivaa shati gani?"

Kijana akainamia shati lake: "Mungu wangu! Nimejifuta mwenyewe!"

"Sasa unanipigia mimi kelele za nini? Kimbia!"

Wageni walikuwa wameshaanza kuingia alipotokea mbio, shati la njano limelowa, picha mpya begani.

"Nimelirudisha pale pale. Kingine sijagusa, naapa!"

Mchoraji akaikunjua. Akaiona nukta yake, machozi na kicheko vikamjia pamoja.

"Na urefu wote huo, hukujiona?"

"Nisamehe, rangi yangu. Ila nina ombi. Liko peke yake mno. Liwekee mwenzake."

"La rangi gani?"

"Chagua wewe. Ndiyo itakuwa rangi ya gauni la harusi."

Shangazi alipiga vigelegele kabla hata jibu halijatoka. Mchoraji aliwasha tableti, akachagua nyeupe, akagusa kioo ubavuni mwa ile njano, karibu kabisa, hadi nukta mbili zikashikana.

"Ukiifuta na hii," akasema, "utanitambua."