Bibi Mukakalisa na Taa Zenye Pete

Kila jioni, akishamaliza kazi za shule, Igihozo alikaa na bibi yake kwenye ngazi za nyumba yao, juu kidogo ya ufuo wa ziwa, pale Gisenyi. Bibi Mukakalisa alikuwa muuzaji wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na saa hiyo ndiyo aliyopangia biashara ya kesho. Wavuvi walipowasha taa na kuingia ziwani, yeye alizikodolea macho. Wauzaji wa pale walikuwa na imani yao: taa zikivaa pete za rangi, kesho sambaza watajaa.

Miezi ile Bibi aliziona pete karibu kila jioni. Wenzake hawakuona kitu, lakini nani angethubutu kubishana naye? Alikuwa mkongwe wa ufuo, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Igihozo, we pia unaona?"

"Naona, Bibi."

Uongo mtupu! Igihozo aliona taa za kawaida tu. Ila Bibi alifurahi mno akikubaliwa, na mtoto gani hapendi kumfurahisha bibi yake? Baada ya hapo Bibi alijifunga kitambaa kichwani na kulalamika kwamba kichwa na jicho vinamuuma. "Ni moshi ya makala ya kupikia," alisema, kisha akalala bila kula.

Basi wakaja wataalamu wa macho kwenye kituo cha afya kuwapima wazee. Igihozo akamsindikiza Bibi. Walipokewa na Daktari Dative, mwanamke mpole aliyekulia Tanzania.

"Shikamoo, mama. Je, huwa unaumwa kichwa jioni, au mahali penye giza? Unaona pete za rangi kuzunguka taa? Nakuuliza kwa sababu nataka kukutia matone ya kupanua mboni ya jicho, na matone haya hayafai kila mtu. Mwingine yanaweza kumletea hatari kubwa, hata upofu."

Bibi alikaza uso. Kwake zile pete zilikuwa kipawa, na hakutaka mtu akiite ugonjwa.

"Hapana, dokta. Mi iko muzuri."

Daktari akachukua kichupa. Bibi akainua uso tayari. Igihozo alikitazama kichupa kile. Akinyamaza, Bibi anaweza kupofuka. Akisema, Bibi ataaibika mbele ya watu, na uongo wake mwenyewe utajulikana.

"Daktari, subiri!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Bibi anaziona pete. Na kichwa kinamuuma kila jioni. Mimi sijaziona hata siku moja. Bibi, nilikudanganya."

"We Igihozo! Unaniaibisha hivi?"

"Hajakuaibisha, mama," alisema Daktari Dative akirudisha kichupa mezani. "Amekuokoa. Njoo kwanza tulipige jicho lako picha."

Bibi, kanuna, aliweka kidevu kwenye mashine. Picha ya sehemu ya mbele ya jicho ikatokea kwenye kioo cha kompyuta.

"Tazameni hapa," Daktari alisema. "Hii ni irisi, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Ndani ya jicho kuna maji, na hutoka kupitia hapa pembeni. Irisi yako imesogea mbele, njia imebaki nyembamba mno. Gizani mboni hupanuka, irisi hujikunja pembeni na kuziba njia. Maji yakikosa pa kutokea, presha ya jicho hupanda. Ndiyo maana unaona pete na kichwa kinauma. Njia ikizibika kabisa, hiyo ni glakoma ya ghafla, na mtu anaweza kupofuka kwa muda mfupi."

Bibi aliacha kununa. "Na sasa, dokta? Macho yangu itakufa?"

"Hapana. Mmewahi."

Siku hiyohiyo Bibi alipelekwa hospitali, na kwa mwanga wa leza akatobolewa tundu dogo sana kwenye irisi ya kila jicho ili maji yapate njia. Igihozo alingoja nje, hajiwezi kwa wasiwasi. Daktari alipotoka na kusema kwamba presha imeshuka na macho ya Bibi yako salama, Igihozo alipumua kwa nguvu hadi mama mmoja kwenye benchi akacheka.

Bibi naye alitoka akicheka. "Donc, kumbe kipawa yangu ilikuwa ugonjwa! Na siku zenye sambaza ilikosa, mi nilikuwa natukana wavuvi ati ni wavivu!" Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika kidogo, ikapita. Lakini sikia, mwanangu. Ulikuwa unanikubalia kila neno, mi nafurahi, kumbe mi naelekea upofu na furaha yangu. Mimi pia nilidanganya dokta. Siku ingine uniambie ukweli, hata nikinuna. Kununa inapita. Macho ikipotea, hairudi."