Wa Nyumba Moja Hawapandi

"Dada, pilipili yote hii?" Muuza viungo aliacha kupima akamtazama. "Una hoteli, au una ugomvi na mtu?"

Soko lilikuwa limefurika watu waliotoka kazini, kila mmoja na haraka zake. Mwanamke aliyeulizwa alivaa ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono na kitambaa cha njano kilichofungwa ilimradi kimefungwa, na viatu vyake vilikuwa na madoa ya rangi nyekundu. Akajibu kwamba pilipili hiyo hailiwi na mtu. Inachanganywa kwenye rangi ya kupaka matumbo ya maboya, ili kome wa baharini wasiyang'ang'anie. Nyuma yake mtu akapiga chafya, kisha nyingine, kisha ya tatu iliyowageuza watu shingo.

"Samahani," mtu huyo alisema. "Hao kome nawaonea huruma."

Mwanamke aligeuka akiwa na jibu kali mdomoni, akamkuta mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, machozi yanamchuruzika, mkononi ana kijifuko cha iliki ya mama yake. Jibu likampotea, akacheka. Mwanamume akambebea gunia hadi barabarani, akipiga chafya njia nzima, na huko wakagundua jambo: yeye ndiye mwendesha winchi, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye meli iliyokodiwa na taasisi ya utafiti wa bahari kwenda kuhudumia maboya, na huyu mwenye pilipili ndiye anayeipanga safari yenyewe.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayeyaning'iniza maboya yangu hewani," alisema.

"Na wewe ndiye utakayesimama chini yake unanifokea."

Tangu siku hiyo simu hazikupoa. Mwanamke akawa Pilipili, mwanamume akawa Winchi. Asubuhi Winchi aliuliza kama mtu ameamka, mchana kama amekula. Akijibiwa kwamba ameshakula biskuti, alisema hiyo si kula, hiyo ni kulizuga tumbo, na baada ya muda angeonekana getini na chakula ndani ya kitambaa. Pilipili alijifanya anakereka, lakini wenzake walimwona siku hizi kitambaa cha kichwani anakifunga mbele ya kioo.

Maboya yalikuwa sita, yametiwa nanga mbali mno na pwani. Kazi yake ni kupima mawimbi na joto la maji na kutuma habari nchi kavu, watu waonywe kabla dhoruba haijawafikia. Mawili yalikuwa yamenyamaza. Kwa miaka sita Pilipili ndiye aliyepanga safari za kuyafuata: mafuta kiasi gani, boya lipi lipakiwe mwisho ili liwe la kwanza kushuka, hata nani anakoroma na alale wapi. Na kila mara meli iling'oa nanga yeye akabaki getini. Mara hakuna chumba cha mwanamke, mara kuna kijana anatakiwa ajifunze. Safari hii mkurugenzi mpya, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimteua kuwa mkuu wa kazi ya maboya humo humo melini. Pilipili alimpigia Winchi kumwambia, akalia kwenye simu bila haya.

"Ungejua," Winchi alimwambia kwa utani, "ningekuwa na uwezo ningekufungia nyumbani. Bahari haina adabu." Pilipili alicheka. Siku hiyo alikuwa na furaha ya kuchekea chochote.

Kikao cha mwisho kilifanyika ghorofani, kwenye chumba chenye feni mbovu na ramani ya bahari iliyofunika ukuta mzima. Nahodha, mzee wa ndevu zilizochongwa vizuri, aliwasikiliza wote hadi mwisho. Kisha akachukua kalamu, akafuta jina la Pilipili kwenye orodha ya wasafiri. Kwa uso wa mtu anayetoa habari njema, alisema kwamba jana kijana wake wa winchi alimwendea nyumbani, akamwomba asimame kama mzee wake kwenda kumposa binti huyu. Yeye amekubali kwa mikono miwili. Ila watu wa nyumba moja hawapandi chombo chake pamoja. Mmoja akipata ajali, wa pili huacha kazi akamkimbilia, na kamba haingoji mtu.

Kanuni hiyo hakuna aliyewahi kuisikia, kwa kuwa haikuwahi kuhitajika. Hata Winchi hakuijua. Habari ya kuposwa na habari ya kuachwa nchi kavu Pilipili alizisikia kwa mkupuo mmoja, mbele ya mafundi, mhasibu na mpishi.

"Nahodha, mimi sijaulizwa kitu," alisema. "Unanifuta kwa ndiyo ambayo sijaisema."

"Basi sema hapana, nikurudishe."

Chumba kizima kilimgeukia. Alimtazama Winchi, akamtazama mzee. "Swali hilo si lako," alisema, akakusanya karatasi zake akatoka.

Mkurugenzi alimfuata ukumbini akamnong'oneza: mwanangu, sema tu hapana, mkirudi mtayamaliza wenyewe. Dada yake kwenye simu alisema kinyume chake, kwamba mwanamume wa kuposa hapatikani kila siku ilhali bahari haina pa kwenda. Pilipili aliwakatalia wote wawili. Hatadanganya ili apande, na hatabaki ili aolewe. Ila usiku ule maneno ya Winchi yalimrudia, ningekufungia nyumbani, akajiuliza kama ule ulikuwa utani kweli. Simu yake ililia ikachoka. Hakuipokea.

Kesho yake Winchi alimfuata kwenye uwanja wa taasisi, alipokuwa amelala chali chini ya boya akilipaka rangi. Shati lake leo halikuwa na pasi.

"Pilipili, wallahi sikujua. Ningejua ningejikata ulimi."

Brashi iliendelea kupaka.

"Nimeshamwambia mzee nashuka mimi. Nenda wewe."

Hapo brashi ikasimama. Pilipili alijivuta nje, uso umerukiwa na madoa mekundu, akasimama mbele yake. "Nani kakutuma?"

"Nilidhani utafurahi."

"Juzi ulinipangia ndoa bila kuniuliza. Leo umenipangia na safari. Hivi mimi nina mdomo wa kulia biskuti tu?" Alijifuta rangi usoni kwa mkono wa ovaroli. "Ninakupenda, ndiyo maana inaniuma. Ungekuwa mtu baki ningekucheka."

Winchi akauliza, kwa upole wa mtu anayejaribu kitu kipya, kama Pilipili anataka waende wote au aende peke yake.

"Wote. Nani atanishushia maboya yangu, yule msaidizi wako anayesinzia?"

"Na lile jingine? Utakubali niwe mume wako?"

"Hilo nimelisikia," alisema akiinama kuokota brashi. "Nitalijibia mbele ya wale waliolisikia likiharibika."

Siku hiyo hiyo walimkuta nahodha gatini, anasoma taarifa ya hali ya hewa kwenye simu. Siku za bahari kutulia zilikuwa chache, na zingeanza kesho kutwa. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya marobota ya kamba wakingoja kuambiwa kama wapakie. Mkurugenzi naye alikuwepo, akamkonyeza Pilipili: hapana moja tu, basi.

"Haya," alisema mzee. "Ninyi ni wachumba au si wachumba?"

"Ni wachumba," Pilipili alisema. "Tangu sasa hivi. Ameniuliza mwenyewe na ninakubali mbele yako. Na tunapanda wote. Kama ni kufuta, tufute wote wawili, utafute mwingine wa winchi na mwingine wa maboya kabla bahari haijachafuka tena."

"Unanitisha, binti?"

"Nakujibu, mzee. Jana uliuliza."

Nahodha alimgeukia Winchi, kijana aliyemfundisha kazi tangu hajaota ndevu. Winchi alisogea akasimama bega kwa bega na mwenzake. Mzee aliitazama bahari, akaitazama simu yake, akawatazama hawa wawili wasiokuwa na dalili ya kusogea.

"Mkigombana huko nawateremsha wote juu ya boya," alisema. Akawageukia mafundi. "Mnangoja nini? Pakieni."

Watu walitawanyika, kreni ikaanza kunguruma. Winchi alibaki pale pale ameduwaa.

"Pilipili. Hivi kweli umekubali?"

"Nimekubali," alisema, tayari anapanda ngazi ya meli. "Njoo tupakie."