Chujio la Mashua ya Mvuke

Mwaka ule wa 1973, Dorica alikuwa na kazi moja kila asubuhi kabla ya shule: kusafisha chujio la mashua ya mvuke. Baba yake, Papa Hippolyte, fundi kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, ndiye aliyeiendesha mashua hiyo kuukuu kati ya kisiwa chao cha ziwani, Kilwa, na mji wa Nchelenge ufukweni. Chujio lilifungwa kwenye mdomo wa bomba lililofyonza maji ya ziwa kwenda kwenye boila, tangi linalochemshwa kwa kuni. Lilizuia mchanga na majani.

Lakini lilikuwa na matundu madogo mazuri! Jumamosi Dorica alilifungua, akachekechea chisense, vile visamaki vya kuanika, ili mchanga utoke. Akaliacha kichanjani. "Nitalirudisha kesho," alijisemea. Thubutu!

Alfajiri mdogo wake Ngosa aliamka anawaka homa, macho yamegeuka. Mama yao, Mama Rosaria, akambeba mgongoni, wote wakakimbilia mashua kwenda hospitali ya Nchelenge.

Katikati ya ziwa ndipo Dorica alipokumbuka chujio. Akaogopa kusema. Labda wangefika tu.

Hawakufika. Pampu ya kuvuta maji ilikohoa, ikazimika. Papa Hippolyte alitazama kioo kinachoonyesha maji ya boila, akaruka.

"Mayi haiingie! Boila itapasuka!"

Akakokota kuni zinazowaka, akazitupa ziwani. Mashua ikasimama. Upepo hakuna, mtumbwi hakuna, kila upande maji matupu na jua kali. Dorica alitamani kukimbia, lakini angekimbilia wapi?

Baba alifungua nati hii, akakaza ile, akapapasa mabomba, wapi! Ngosa akaanza kuweweseka.

"Mawe, mama wee! Mutoto anatufia!" Mama Rosaria alilia.

Dorica hakuweza tena. "Papa," alisema, "chujio liko nyumbani. Nilichekechea chisense."

Baba alimkodolea macho. Dorica akangoja kofi. Badala yake, baba akaifungua pampu, akachokoa: mchanga na majani tele! Mama akachana kitenge chake, Dorica akafunga kipande kwenye mdomo wa bomba kiwe chujio. Boila ilipopoa, waliijaza kwa pampu ya mkono, wakawasha moto upya, wakangoja mvuke. Kungoja kule kulikuwa kifungo kabisa. Mama alimpangusa Ngosa kwa kitambaa chenye maji.

Alasiri wakafika. Muuguzi alimdunga Ngosa sindano, akatikisa kichwa. "Mngechelewa kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunalia."

Jioni Ngosa aliomba uji. Papa Hippolyte akamwita Dorica nje.

"Sikia, mutoto wangu. Mashine inatunzwa kila siku, hata ukiwa na haraka. Na ukikosea, sema pale pale. Nimehangaika kutafuta kitu ambacho wewe ulikijua. Muda ule uliopotea ulikuwa wa Ngosa."

Dorica alilia kwikwi. "Sasa nani atasafisha chujio, Papa?"

"Njo weye, ni wewe tu! Nani mwingine?" Baba alimfuta machozi. "Na ulioshe vizuri, lisinuke samaki."