Mwezi wa Kuongeza

Kiamshi hakikosei saa. Saa mbili kamili asubuhi mkono wake mwembamba wa chuma ulishuka kutoka darini, ukapapasa paja la mwanamke aliyelala kitanda namba saba, ukabandika kiraka cha dawa kisichozidi ukubwa wa ukucha, kisha ukapanda tena ulikotoka. Dakika kumi na moja baadaye mwanamke yule alikunja uso na kushika ukingo wa kitanda. Uchungu ulikuwa umeanza kwa mujibu wa ratiba.

Upande wa pili wa kioo, ndani ya Ukumbi wa Maandalizi, wanawake kumi na wawili wenye matumbo makubwa waligeuza nyuso zao wasitazame.

"Tembeeni," ilisema mishipi iliyowazunguka matumbo, yote kwa sauti moja. "Tembeeni. Hatua mia sita zimebaki."

Wakatembea. Katika mji wa Ngerengere Mpya hakuna mjamzito aliyebishana na mshipi-soma. Ulifungwa kiunoni mimba ikitimiza miezi mitano, na tangu hapo ulisoma mapigo ya moyo wa mtoto, urefu wa mifupa yake na hali ya mfuko wa uzazi. Hesabu ilipofika wiki ya arobaini na siku moja, mshipi uliita Kiamshi, na Kiamshi kiliamsha uchungu. Mji haukusubiri mtoto aamue mwenyewe.

Siku kumi kabla ya hapo zilikuwa za Maandalizi ya Asili. Jina zuri, kazi ya kijeshi. Tende sita asubuhi. Hatua elfu sita. Kuchuchumaa mara hamsini, kuzungusha nyonga juu ya mpira mkubwa, kulala ubavu wa kushoto. Yote hayo ili mlango wa kizazi ulainike na mwili uipokee dawa bila kupigana nayo. Mshipi uliandika nani alikula na nani alitema.

Mhandisi Semeni Mkude alitema siku moja tu, siku ya tatu, kwa sababu ya kiungulia. Siku nyingine zote alitii. Leo ilikuwa siku yake ya kumi, na saa nane mchana angepandishwa kitanda namba nne. Aliutazama mshipi wake. Taa ilikuwa ya rangi ya chungwa.

"Mlango wa kizazi: alama mbili kati ya kumi na tatu," mshipi ulitangaza, ukumbi mzima ukisikia. "Hali: mwili mzembe. Kipimo cha dawa kitaongezwa mara mbili."

"Mzembe!" Havijawa alicheka kutoka kwenye benchi la wasindikizaji. Huyu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Mume mwenyewe alikuwa angani, kwenye kituo cha kutengeneza setilaiti, na sheria ilimtaka kila mjamzito awe na msindikizaji. "Na usomi wako wote huo, wifi? Nilidhani ninyi mnaotengeneza mashine miili yenu nayo inafungwa kwa skrubu."

"Nimekula tende mpaka nazichukia, Havijawa. Nimetembea mpaka viatu vimenikataa."

"Hata mimi nilikula. Jaribu kokwa zake, labda dawa imo humo."

Semeni alijua uchungu wa maneno yale ulikotoka. Miaka miwili nyuma Havijawa alizunguka ukumbi huuhuu, akapandishwa kitandani, akazaa mtoto wa kiume, Mrisho. Mapafu ya mtoto yaligoma kukunjuka. Siku ya nne alizikwa. Karatasi aliyopewa mama yake iliandikwa hivi: mtoto alidhoofika kwa kuchelewa ndani ya mwili mzembe. Na neno hilo, mwili mzembe, halikuzaliwa mdomoni mwa mashine. Lilitoka katika Ripoti ya Uchelewaji, iliyothibitisha kwamba wanawake wa Ngerengere Mpya huchelewa kujifungua kwa wiki nne nzima, na kwamba bila kuamshwa watoto wao wataharibika. Ripoti hiyo ndiyo iliyokizaa Kiamshi. Aliyeiandika ni Semeni, aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo wakati huo, hajakaa mjini hata mwaka. Walimpigia makofi ukumbini. Akaolewa katika familia ya Havijawa mwaka uliofuata, na Havijawa hakumpigia makofi hata siku moja.

Mbele yake Zamoyoni, binti wa mimba ya kwanza, alikuwa akilia huku anatembea.

"Nawe una nini?"

"Alama moja, dada. Moja! Mama yangu ananicheka. Ananiambia, mwanangu, tumbo hilo limekaa juu, hilo bado la miezi minane. Namwambia, mama, si ndiyo. Toa ule mwezi wa kuongeza, unabaki na minane."

Semeni alisimama.

"Tembea," mshipi ulimwonya.

Mwezi wa kuongeza. Naye aliuongeza. Havijawa ndiye aliyemfundisha, siku ile ya kujiandikisha, tena kwa dharau: "Usiwe mjinga wewe. Vitanda wanagawa kwa ukubwa wa mimba. Ukisema mwezi wa pili watakwambia urudi, na ukirudi vimejaa. Sema wa tatu. Hapa wote tunasema wa tatu." Semeni alisema wa tatu, akapata kitanda, akasahau. Yeye, mtu wa hesabu, aliupita uongo wake mwenyewe kama mtu anayepita mlango wa jirani.

"Tembea," mshipi ulirudia, mkali zaidi.

"Nyamaza!" Semeni aliupiga kofi. Kisha akageukia ukumbi. "Jamani, nani hapa aliongeza mwezi?"

Wanawake walitazama mishipi yao kama watu wanaotazama mbwa asiyejulikana atamuuma nani.

"Mimi niliongeza," Semeni alisema.

Zamoyoni alinyoosha mkono. Kisha mwingine. Kisha wote, isipokuwa mmoja, aliyekuwa mgeni kutoka mkoa mwingine. Mshipi wa huyo peke yake ulikuwa na taa ya kijani.

"Lakini mashine inaona ndani," Zamoyoni alisema. "Ule mwezi ni wa daftari tu. Mashine itadanganywaje?"

"Inaona," Semeni alijibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lakini sisi ndio tulioifundisha inachokiona kinaitwaje. Niliionesha mtoto wa wiki thelathini na sita, na daftari likasema huyu ni wa arobaini. Nikaionesha mwingine. Nikaionesha elfu tisa. Ikaamini. Na wale waliojifungua kwa wakati wao, wiki ya arobaini ya kweli, ikawahesabu wiki ya arobaini na nne. Nami nikaandika kwamba wamechelewa. Milango haifunguki kwa sababu siku hazijatimia. Tende hazina kosa. Miili yetu haina kosa. Tunabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe bado wamelala."

Mlango wa kioo ulifunguka. Daktari Mlacha, msimamizi wa jumba, aliingia na kibao chake mkononi.

"Mbona wagonjwa wangu wamesimama?"

"Sisi si wagonjwa," Semeni alisema. "Daktari, simamisha Kiamshi. Tarehe zote ni za uongo." Akamweleza, kwa kifupi na kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza.

Mlacha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu bila meno.

"Mhandisi, unakijua Kifungu cha Kumi na Nne cha kanuni za Kiamshi? Nikusomee? 'Kauli ya mjamzito iliyotolewa ndani ya siku tatu kabla ya kuamshwa haitapokelewa, kwa kuwa hofu humfanya abadilishe tarehe.' Unakumbuka nani alikiandika?"

Semeni alikumbuka. Alikumbuka hata kikombe cha chai kilichokuwa mezani siku ile.

"Nilikosea."

"Ulipewa tuzo. Sasa, wanawake kumi na mmoja wenye hofu dhidi ya watoto elfu tisa waliopimwa. Ungekuwa mimi, ungemwamini nani? Saa nane, kitanda namba nne." Akageuka. "Mishipi, endeleeni."

"Tembeeni," ilisema mishipi.

Hakuna aliyetembea. Benchini, Havijawa alikuwa amesimama. Uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Wifi. Mrisho alikuwa wa wiki ngapi?"

"Havijawa..."

"Nimekuuliza swali la hesabu. Si ndiyo kazi yako?"

"Uliongeza mwezi?"

"Wewe nani alikufundisha?"

"Basi thelathini na sita," Semeni alisema. "Pengine thelathini na tano."

Havijawa aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia. Akamfikia Semeni kwa hatua tatu. Zamoyoni alijikinga, akidhani kofi linakuja. Lakini Havijawa alishika mshipi kwa mikono miwili, akaupachua kwa nguvu hata ngozi ya tumbo ikachubuka, akautupa miguuni pa daktari. Mshipi ulilia sakafuni kwa mlio mmoja mrefu.

"Asiye na mshipi hana kitanda popote katika mji huu," Mlacha alisema.

"Kavae wewe."

"Mama, unahatarisha maisha ya mtoto!"

"Usiniambie mimi habari za kuhatarisha mtoto." Havijawa hakupaza sauti. "Miaka miwili nimelala na neno lenu kitandani. Mzembe. Mume ananigusa, nasikia mzembe." Akamshika Semeni mkono, akambana hadi vidole vikamuuma. "Twende. Na usinishukuru. Ukinishukuru nitakurudisha hapa."

Nyuma yao walisikia mlio wa pili sakafuni. Zamoyoni naye alikuwa amevua.

Nje ya mji kulikuwa na zahanati ndogo isiyo na Kiamshi. Muuguzi mkunga wa pale alimpima Semeni kila baada ya siku tatu kwa mikono na kwa masikio, na hakumlazimisha lolote. Semeni alitembea alipotaka kutembea. Tende hakuzila. Havijawa alikaa naye, akampikia, akamfulia, hakumsemesha isipokuwa kwa lazima. Kila asubuhi alichora mstari mmoja wa mkaa ukutani.

Mstari wa thelathini na moja ulipochorwa, Semeni aliamka amelowa. Mchana ule alama za mlango wa kizazi zilifika kumi bila kiraka, bila ratiba. Saa kumi alasiri mtoto alitoka, wa kike, akalia kwa hasira hadi kuku wakakimbia uani.

Havijawa ndiye aliyempokea kutoka kwa mkunga. Alimweka kwenye mizani: kilo tatu na robo. Akamfunika. Hakumpa mama yake upesi. Alisimama dirishani, akaweka sikio karibu kabisa na ule mdomo uliofunguka, akasikiliza pumzi ikiingia yote na kutoka yote.

"Mrisho hakulia hivi," alisema. "Alikuwa kama anayeuliza kitu."

Semeni alinyoosha mikono. Havijawa alimlaza mtoto kifuani pake. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa karatasi tupu na kalamu, akaviweka kitandani, juu ya shuka lililokuwa bado na damu.

"Nimechoka, wifi," Semeni alinong'ona. "Acha kesho."

"Leo wamewaamsha kumi na wawili wengine. Andika." Akavuta kigoda, akaketi. "Ile ripoti ya kwanza uliianza na namba. Hii anza na jina lake."

Semeni alishika kalamu, mtoto akinyonya, na Havijawa akiangalia kila herufi ikitoka. Aliandika: Mrisho. Aliishi siku nne. Hakuchelewa.