Sahani za Nyumba Iliyonyamaza

Mchana ule wa Jumapili walikula chapati na maharage, lakini sahani zilipotoka kwenye mashine zilikuwa na magamba ya samaki.

Akumu alisimama mbele ya mlango wa mashine, mvuke ukimpiga usoni, akabandua gamba moja kwa ukucha. Lilikuwa bichi. Akalinusa: sato, tena wa leo. Akageuza sahani ya pili. Ukingoni kulikuwa na alama ya mdomo, mdomo mnene uliolamba mpaka ukaacha ute.

"Mama," aliita taratibu. "Njoo uone."

Janet, mwenye nyumba, alikuja na simu sikioni. Aliangalia, akakata simu.

"Umepanga vibaya."

"Nimepanga kama ulivyonionyesha, mama."

"Basi umeoshea samaki wako humo. Nani mwingine wa kula samaki kwa siri kwenye nyumba hii?"

Hakuna aliyekula samaki. Lakini Janet alikuwa mtu wa kutoa hukumu kwanza, ushahidi ukatafutwe baadaye. Mashine ile ya kuosha vyombo ililetwa na mumewe, aliyekuwa kazini mgodini Geita, na ilikuwa ya kwanza mtaani kwao Luchelele, kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mawe yanayoteremka hadi ziwani. Kina mama wa jumuiya walikuja kuitazama ikifanya kazi kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Mashine ya namna hiyo ikoseeje? Mkosaji lazima awe Akumu, msichana wa kazi kutoka Shirati, ambaye kabla ya hapo mikono yake ndiyo ilikuwa mashine.

Lakini shida yenyewe, kama Janet angetaka kuitazama, ilikuwa kwingine. Jioni ile kina mama walipokuja kuiona mashine, upepo ulipanda kutoka ziwani ukiwa na sauti ndani yake, kama umati unaonung'unika ukiwa mbali. Familia za Kijaluo za mtaa ule ziliijua: ni nyawawa, mizimu ya watu wasiozikwa, inayopita ikitafuta pa kula. Huwa haisemeshwi, inapigiwa kelele. Nyumba ya kwanza inagonga masufuria, ya pili inapokea, ya tatu nayo, mpaka mizimu isukumwe mlango kwa mlango na kurudishwa majini. Akumu alikwishashika mfuniko na mwiko. Janet akampokonya mbele ya wageni.

"Hapa si Shirati. Gonga uone kama hutalala nje."

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtaa mzima ukagonga mabati, madumu, mageti. Nyumba moja tu ikanyamaza.

Fundi Mhoja aliitwa kutoka mjini, mtu wa Magu, mcheshi, mwenye begi zito la vifaa.

"Ngosha, nisaidie," Janet alimwambia, kwa jina wanaloitwa wanaume wa Kisukuma. "Haisafishi."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Maji inavuta?"

"Inavuta."

"Basi haijafa, mama. Inagoma tu, kama wafanyakazi wa halmashauri."

Alivuta kapu la chini, akachomoa chujio. Kilitoka na fundo la nywele, tope la kijivu, na kijiti cha magugu maji ambacho majani yake yalikuwa bado mabichi. Akakiinua juu.

"Mama, hii mnaoshea vyombo au mnavulia?"

Mhoja alisugua chujio kwa mswaki wa zamani. Alizibua kwa pini matundu ya ile mikono inayorusha maji, akanyoosha bomba la maji machafu lililojikunja nyuma, akaongeza chumvi maalumu ya mashine, akapima joto la maji kwa mkono. Akamwelekeza Akumu kwamba sahani zisibanane, na nyuso zake ziangalie katikati maji yanakotoka. Kisha akafunga mlango, akabonyeza, akachuchumaa na kuweka sikio, akitabasamu, kama daktari anayesikiliza tumbo la mtoto.

Tabasamu likaisha polepole.

"Humu mmeweka nini?" alinong'ona.

"Sahani," Akumu alijibu.

"Sahani hazitafuni."

Akainuka, akakusanya vifaa bila kuvipangusa, akatoka kinyumenyume. Bisibisi ilibaki sakafuni. Akumu alipomkimbilia nayo, fundi alikuwa ameshavuka geti, na hakunyoosha mkono kuipokea.

Sahani zilitoka chafu kuliko zilivyoingia. Janet akazipanga mezani kama vielelezo vya mahakama, kisha akamwita Akumu.

"Kuanzia leo utakulia hizi hizi, kama zilivyotoka. Siku sahani zikitakata na wewe utakula pasafi."

"Mama, zinanuka."

"Ndiyo uzioshe."

Akumu akala. Ugali ulishika tope pembeni, nywele zilielea kwenye mchuzi. Na kwa kuwa Janet alishinda ofisini, hakuona kilichofuata, ingawa kila mtu mwenye mtoto na msichana wa kazi anakijua: Dorcas, binti yake mdogo ambaye hata kamba za viatu alikuwa hajajua kufunga, hakuwahi kula peke yake. Tonge lake lilitoka mkononi mwa Akumu, aliyemwita dada, kwenye sahani ya Akumu, kwenye mapaja ya Akumu. Akumu alijaribu kumtengea. Mtoto akalia, akasukuma sahani yake ya plastiki, akachovya kidole kwenye ile yenye tope. Mlezi wa mtoto ndiye aliyepewa sahani ya uchafu. Mtoto mlitaka alie njaa?

Nyumba ikaanza kunuka nyavu zilizolowa na kuachwa kwenye kivuli. Harufu ilikaa kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye sare ya Dorcas. Mashine ikawa inaunguruma yenyewe, hata plagi ikiwa imechomolewa, na ndani yake vijiko viligongana taratibu, kwa adabu, kama kwenye chakula cha msibani.

Jumamosi Janet aliamua kumaliza ubishi. Alileta sahani mpya, vibandiko vya dukani vikiwa bado juu yake. Akamtoa Akumu nje, uani kwenye jua kali, na kufunga mlango kwa ufunguo, ili kusiwe na mkono wa kusingiziwa. Akapanga mwenyewe, akabonyeza mwenyewe, akavuta kiti na kuketi mbele. Maji yakaanza kupiga. Kisha maji yakanyamaza, yakaanza yale mengine: kufyonza, kutafuna, kuvuta pumzi kati ya tonge na tonge. Janet akashika kitasa, akafungua.

Hakukuwa na mvuke wala maji ndani, kulikuwa na giza refu kuliko mashine yenyewe, giza lililoteremka kama ufa kati ya mawe mpaka chini kabisa ambako ziwa lilikuwa likipumua, na kwenye kila sahani, pande zote, kulikuwa na vidole vilivyovimba na kukunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, vikipapasa pale ambapo chakula kilipaswa kuwa, na nyuma ya vidole midomo, midomo isiyo na nyuso, ikilamba udongo mtupu wa sahani, ikitafuna vibandiko, mpaka mmoja ukasita, ukamgeukia Janet, na kwa sauti ya mgeni anayeogopa kusumbua ukauliza:

"Leo hakuna mboga?"

Bibi Roza alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane wa Kijaluo, na ndiye aliyeanzisha kelele kila nyawawa walipopita. Janet hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Siku hiyo aliingia uani kwake bila viatu, Akumu akimfuata nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Kumbe salamu unazo. Marahaba." Bibi Roza hakuacha kuchambua dagaa. "Usinieleze, harufu nimeisikia. Sisi wote tuliwasukuma, wewe ukanyamaza. Kwa hao, kunyamaza ni kusema karibuni. Sasa wageni wamekaa, unataka nini?"

"Watoke."

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, ule nao. Wewe mwenye nyumba, siyo mwingine. Pakua chakula chako kizuri kwenye sahani walizochafua, ule nao mpaka mwisho, uwaombe radhi. Wakishalishwa na mwenye nyumba, wanaaga wenyewe."

Janet akakunja uso. "Na ya pili?"

"Ugonge. Uwasukume toka jikoni mpaka ziwani. Lakini kelele haichagui. Mtu aliyekula nao sahani moja ameshakuwa wa kwao, naye atasukumwa nao, hata akiwa wapi. Na wanarudi majini, unanielewa? Nani amekula nao?"

Janet akatazama dagaa.

"Mimi, bibi," alisema Akumu. "Na Dorcas."

"Mwongo!" Janet aligeuka. "Anajikinga kwa mtoto wangu. Dorcas ana sahani yake, niliinunua mwenyewe!"

"Anakula mkononi mwangu, mama. Kila mchana. Wewe hujawahi kuwepo."

Janet akamzaba kofi. Neno lililomuuma lilikuwa hilo la mwisho.

"Kamuulize mtoto," Bibi Roza alisema kwa sauti ndogo. "Ni swali moja tu, mwanangu. Kamuulize."

Janet hakumuuliza. Nyumbani mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, jibu lilikuwa mdomoni mwake, na mama yake alimpita kwa kunyata ili asiamke. Maana mtoto akisema ndiyo, itabidi mama ale.

"Nisaidie kugonga, bibi," alikuwa ameomba kabla ya kuondoka kwa Bibi Roza.

"Mimi? Nimsukume mtoto wa watu majini? Toka kwangu."

Jikoni, Akumu alipiga magoti. Alikuwa ameshapakua wali na kuku kwenye sahani moja yenye tope, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, kaa. Nitakaa na wewe. Nitakushika mkono, utafumba macho. Ni sahani hii tu."

"Mimi nile mabaki ya mizimu?"

"Mimi nimekula."

"Wewe umezoea."

Akashika mfuniko na mwiko, akagonga.

Pigo la kwanza lilizima jikoni nzima: friji ikanyamaza, mashine ikanyamaza, kila kilichokuwa kikitafuna kikaacha. Jua lilikuwa linagusa maji. Pigo la pili, harufu ikasogea kama ng'ombe waliochapwa, na sakafuni zikatokea nyayo zenye maji, nyingi, kubwa na ndogo, zikielekea mlangoni. Pigo la tatu, Akumu akainuka. Hakutaka kuinuka. Alishika fremu ya mlango, kucha zikachubua rangi, akisema acha mama, acha, nakuomba, huku miguu yake ikimvuta nje kama ya mtu anayeburutwa na mto, na Janet alipoona kwamba inafanya kazi, kwamba kweli inafanya kazi, akapata nguvu, akagonga kwa mkono wa mtu anayeua nyoka, akamfuata mpaka kizingitini, na kule chini kwenye mawe Akumu akateremka katikati ya nyayo zilizomzunguka, akaingia ziwani mpaka magotini, mpaka kiunoni, na Janet bado anagonga, na kitu kidogo kikampita ubavuni, kitu chenye joto la usingizi, peku, macho yamefumba, na aligonga mara nyingine, na nyingine tena, kabla hajaelewa kwamba ni Dorcas.

Mfuniko ulianguka.

Kimya. Dorcas alisimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kule majini Akumu naye alisimama, akatikisika kama aliyeachiwa, akageuka, akaanza kukimbia kurudi, maji yakiruka.

"Mama! Usifunge! Nakuja!"

Lakini hakuwa peke yake aliyegeuka. Nyuma yake, juu ya mawe, nyayo zote nazo zilikuwa zimegeuza vidole kuelekea nyumbani.

Janet alimvuta mtoto ndani, akafunga mlango, akasukuma komeo.

Akumu alifika wa kwanza. Aligonga kwa viganja, kisha kwa ngumi. Hakutukana. Aliita jina la Dorcas, akaita mama, akasema peke yangu, niko peke yangu, bado hawajafika, fungua kidogo nipite. Janet alikaa chini, mgongo kwenye mlango, akiwa ameziba masikio ya binti yake. Ngumi zikaendelea. Kisha zikakoma, ghafla, kama za mtu aliyefunguliwa mlango mwingine.

Jikoni, mashine ilifunguka yenyewe.

Walikuwa hawahitaji mlango. Hawakuwahi kuuhitaji. Viti vya mezani vilivutwa, kimoja baada ya kingine, bila haraka, na chini ya kila kiti pakaanza kujaa dimbwi. Dorcas alijitoa mikononi mwa mama yake, akaenda, akapanda kiti cha baba yake, miguu ikaning'inia. Janet alimfuata kwa magoti, akashika kiti chake mwenyewe ili ajiinue.

"Hapo amekaa Akumu," mtoto alisema.

Janet akaondoa mkono. Ulikuwa umelowa.

Dorcas akamtazama, siyo kwa hasira, bali kama mtu anavyomtazama mtu ambaye hakumbuki jina lake. Akasukuma sahani chafu mpaka ukingoni mwa meza.

"Dada, pakua," alisema. "Wewe utakulia jikoni."